Bibi Julia Margaret Cameron, Mpiga Picha

Mwaka 1815 mtoto mwanamke alizaliwa Calcutta, katika Bara Hindi, akaitwa Julia Margaret. Baba yake, Bwana James Pattle, alikuwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu kubwa ya nchi ile zamani hizo, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa. Katika jamaa hiyo walikuwamo mabinti 7, nao walijulikana sana, huko Calcutta na hata London, kwa uzuri wao. Julia peke yake hakusifiwa kwa uzuri. Lakini ndiye aliyekuja kuwaonyesha watu uzuri ambao hawajapata kuuona.

Alipokuwa kijana aliugua, akaenda kupumzika katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Huko alikutana na Sir John Herschel, mjuzi wa nyota, ambaye baadaye alimpasha habari za ufundi mpya wa kupiga picha. Tena alikutana na Bwana Charles Hay Cameron, mwanasheria, wakaoana mwaka 1838. Walizaa watoto 6, na zaidi ya hao Bibi Cameron alilea mayatima.

Mwaka 1848 walihamia Uingereza, na mwaka 1860 wakafanya maskani yao katika kijiji cha Freshwater, kisiwani Wight, jirani na Tennyson, mshairi mkuu. Mwisho wa mwaka 1863 Bwana Cameron alikuwa safarini katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, kuangalia mashamba yake ya kahawa. Binti yao, asipende mama yake akae na upweke, akampa zawadi ya kamera. Bibi Cameron alikuwa na umri wa miaka 48, wala hakujua lolote la kazi hiyo.

Siku zile kupiga picha kulikuwa taabu kubwa. Mpiga picha alipaka kioo dawa inayonata, akakichovya katika dawa ya fedha, kisha akakitia katika kamera kingali kibichi. Mtu aliyepigwa picha alipaswa kutulia dakika kadhaa bila kujitikisa. Bibi Cameron aligeuza banda la kuku kuwa nyumba ya vioo, na ghala ya makaa kuwa chumba cha giza. Vidole vyake vikawa vyeusi kwa dawa. Vioo vingi viliharibika, naye akaanza tena. Mwezi wa Januari, 1864, alipata picha njema ya kwanza, ya msichana mdogo aitwaye Annie.

Hakuchagua watu kwa cheo. Alimvika mtumishi wake, Mary Hillier, mavazi ya Mariamu, mama wa Yesu. Mwaka 1864 alimpiga picha Ellen Terry, binti wa ukoo mashuhuri wa waigizaji, ambaye tangu utoto alikuwa akicheza mbele ya watu. Katika picha hiyo haigizi lolote. Ameegemea ukuta, macho yamefumba, kama mtu mwenye mawazo mazito. Mwaka 1867 ikawa zamu ya rafiki yake wa zamani, Sir John Herschel, na uso wa mzee huyo unatokea gizani, mvi zake ziking'aa.

Mafundi wengi walimcheka, wakisema kwamba picha zake zina ukungu na alama za vidole. Hakuacha. Yeye hakutaka kuhesabu vifungo vya nguo, bali kuonyesha moyo wa mtu usoni pake. Mwaka 1865 nyumba ya makumbusho ya South Kensington, London, ilinunua picha zake, na mwaka 1868 ikampa vyumba viwili vya kufanyia kazi.

Mwaka 1875 yeye na mumewe walihamia Ceylon, karibu na wana wao, naye akafariki huko mwezi wa Januari, 1879. Alikuwa amepiga picha zaidi ya 900. Leo waliomcheka wamesahauliwa, bali picha zake zinatunzwa kwa heshima katika makumbusho makubwa. Wahenga walisema, kawia ufike. Bibi huyu alianza safari yake jioni, akafika.