Askofu James Hannington (1847–1885)

Wengi wetu hufunga vitabu vya Noeli jioni ya Krismasi na kupanda matatu kwenda kuwaona wazazi. Lakini Krismasi ya Kanisa ni siku kumi na mbili, mpaka Epifania tarehe 6 Januari, na ndani yake zimo siku za mashahidi: Stefano tarehe 26 Desemba, watoto wa Bethlehemu tarehe 28. Kwa hiyo katika yubilei hii tunamkumbuka shahidi aliyepita huku kwetu, akaja kuzikwa siku ya saba ya Krismasi.

Hannington alizaliwa Uingereza. Safari yake ya kwanza Afrika, 1882, ilikatizwa na ugonjwa. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na Julai 1885 akaondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Umaasaini na Bonde letu la Ufa. Ziwa Bogoria, tunakopeleka watoto wa shule ya Jumapili kuona chemchemi za moto, liliandikwa jina lake kwenye ramani kwa miaka mingi. (Wenyeji walikuwa na jina lao, na ni haki kwamba limerudi.)

Huko Mumias alimwacha Shemasi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu kama hamsini. Kabaka Mwanga aliogopa wageni watokao mashariki. Kwa amri yake Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885, na wapagazi karibu wote pamoja naye. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia hadi Rabai.

Mwaka 1892 Askofu Alfred Tucker aliichukua mifupa ya Hannington, ikazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba. Mwanga alihudhuria. Sisi waimbaji tumejiuliza sana tungeimba nini siku hiyo: Noeli haijaisha, jeneza liko mbele yetu, na aliyetoa amri yumo miongoni mwa waombolezaji. Baadaye Mwanga naye alibatizwa, akiwa uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieli.

Wapagazi hawakupata mazishi ya namna hiyo. Kwenye kesha la kufunga mwaka tutawaimbia wao kwanza, kabla ya saa sita. Sauti zote zifike mazoezini tarehe 27, hata mliosafiri.