Albert Hazen Wright, aliyeweka tarehe za milio ya vyura

Mwaka 2001 wanasayansi wawili wa Marekani, James Gibbs na Alvin Breisch, walieleza kwamba baadhi ya vyura wa eneo la Ithaca, katika jimbo la New York, walikuwa wanaanza kulia siku 10 hadi 13 mapema kuliko mwanzoni mwa karne ya 20. Tarehe za zamani walizolinganisha nazo ziliandikwa na mtu mmoja aliyefariki miaka 31 kabla: Albert Hazen Wright.

Wright alizaliwa mwaka 1879 katika jimbo hilohilo. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1908, na akafundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 1943.

Jina lake limebaki kwa sababu ya subira. Kumbukumbu zake za miaka ya 1900 hadi 1912 zinaonyesha ni siku gani kila aina ya chura ilisikika kwa mara ya kwanza mwaka huo. Hapakuwa na chombo cha kunasa sauti. Cornell kwenyewe walianza kurekodi sauti za ndege mwaka 1929 tu. Palikuwa na sikio, daftari na kinamasi chenye baridi.

Anayelia ni dume. Huisukuma hewa kutoka mapafuni hadi kwenye kifuko cha kooni na kuirudisha, akimwita jike, na kazi hiyo humchosha sana. Kwa kuwa mwili wake hauzalishi joto la kutosha, hewa ikipoa misuli hulegea na mlio huwa wa polepole. Ngozi yake nayo hupoteza maji upesi, hivyo usiku wa unyevunyevu humpa muda mrefu wa kukaa nje na kuita, ilhali usiku mkavu humrudisha mafichoni. Aliyelala karibu na dimbwi siku mvua ya kwanza ya masika iliponyesha hahitaji kufundishwa jambo hili.

Huko Ithaca, ambako theluji hufunika ardhi, joto ndilo hasa linaloamua siku ya kuanza. Miezi kabla ya mlio wa kwanza ndiyo inayokomaza mayai na mbegu za uzazi. Wright alichapisha matokeo yake mwaka 1914 katika kitabu kuhusu maisha ya vyura wa Ithaca, kazi ambayo pengine wengi waliiona ya wapenda madimbwi tu.

Mwaka 1912 alifika katika kinamasi kikubwa cha Okefenokee, jimboni Georgia, ambako joto si haba na mvua kubwa ndiyo inayowaamsha waimbaji. Kitabu chake kuhusu vyura wa huko kilitoka mwaka 1932. Mwaka uliofuata, yeye na mkewe, Anna Allen Wright, ambaye mchango wake haustahili kusahauliwa, walitoa mwongozo wa vyura wa Marekani na Kanada uliotumiwa na vizazi vya wanafunzi.

Alifariki mwaka 1970, kabla ongezeko la joto duniani halijawa mjadala wa mataifa. Gibbs na Breisch walizilinganisha tarehe zake na zile zilizokusanywa kati ya 1990 na 1999 katika wilaya tatu zinazouzunguka mji huo. Katika karne hiyo joto lilikuwa limepanda kwa miezi 5 kati ya 8 iliyo muhimu kwa uzazi wa vyura. Aina nne ziliwahi, zikiwamo chura mdogo mwenye alama ya msalaba mgongoni na yule mkubwa anayevuma kama fahali. Kuwahi huko si faida tupu, kwani baridi kali ikirudi ghafla huweza kuyakuta mayai majini. Aina mbili hazikubadili tarehe, na hakuna hata moja iliyochelewa.