Maisha ya Watu Mashuhuri: Alfred Russel Wallace

Wanafunzi wenzangu, mtu akituletea samaki wawili, mmoja mweusi mtupu na mwingine mweusi mwenye mkanda wa manjano, sisi kwa kawaida huuliza bei yao. Katika karne ya 19 aliishi mtu mmoja ambaye swali lake la kwanza lingekuwa jingine. Yeye angeuliza walikovuliwa. Swali hilo laonekana dogo, lakini lilimpa jina kubwa katika elimu ya viumbe. Mtu huyo ni Alfred Russel Wallace, na haya ndiyo maisha yake kwa ufupi.

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823, karibu na mji wa Usk katika nchi ya Wales. Baba yake alipoteza mali katika shughuli zisizofanikiwa, hata nyumba ikaingia katika dhiki. Kwa sababu hiyo Alfred aliacha shule alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, wala hakupata kamwe kuingia Chuo Kikuu. Kaka yake William, aliyekuwa mpima ardhi, alimchukua akamfundisha kazi. Kwa miaka kadhaa alitembea mashambani akibeba minyororo ya kupimia na kuchora ramani. Kazi hiyo ilimzoeza jambo moja ambalo halikumtoka tena: kila kitu kina mahali pake, na mahali hapo paweza kuandikwa kwa usahihi.

Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu katika mji wa Leicester. Huko alifanya urafiki na kijana mwenzake, Henry Walter Bates, aliyekuwa akikusanya mende. Wote wawili hawakuwa na mali, lakini walitamani sana kujua namna aina mpya za viumbe zinavyotokea. Wakapatana kwenda Brazil, kukusanya ndege na wadudu, na kuwauza Ulaya ili wapate riziki. Mwaka 1848 wakapanda merikebu, wakafika Pará, karibu na mlango wa mto Amazon. Baadaye waliachana, kila mtu akafuata njia yake.

Wallace aliupanda mto Rio Negro, ambao maji yake ni meusi kama chai ya rangi. Aliona kuwa mito ya nchi ile haikuwa na maji ya namna moja. Mingine ilikuwa myeupe kwa tope, mingine myangavu, na mingine myeusi. Alivua samaki, na kwa kuwa samaki aliyekufa hupoteza rangi upesi, aliketi na kuwachora kwa penseli mmoja mmoja. Alichora zaidi ya 200. Kati yao walikuwamo wa jamaa iitwayo sikilidi, ambayo ndiyo jamaa ya perege na sato wetu.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mdogo wake Herbert, aliyemfuata Brazil, alikufa kwa homa ya manjano huko Pará mwaka 1851. Wallace mwenyewe aliugua homa mara nyingi. Mwezi Julai 1852 aliamua kurudi kwao, akapanda merikebu iitwayo Helen pamoja na makusanyo yake ya miaka ya mwisho, na wanyama kadhaa walio hai. Baada ya majuma matatu na zaidi, moto ulizuka katika shehena katikati ya bahari. Wallace alishuka chumbani mwake katikati ya moshi, akatwaa sanduku dogo la bati lenye michoro ya samaki na minazi ya porini pamoja na karatasi chache. Kisha akaingia mashuani. Kutoka mashuani aliitazama merikebu ikiteketea pamoja na karibu makusanyo hayo yote. Walikaa baharini siku 10 katika mashua zilizokuwa zikivuja, ndipo merikebu nyingine ikawaokoa.

Wengi wetu tungekata tamaa. Wallace alifika Uingereza mwezi Oktoba, na kabla ya mwaka kwisha alisimama mbele ya wataalamu wa London kusoma habari za kima wa Amazon. Vielelezo vyake vilikuwa majivu, lakini jambo alilojifunza halikuungua. Alieleza kuwa kima wa ng'ambo moja ya mto mkubwa si wale wa ng'ambo ya pili. Wawindaji wenyeji wa nchi ile walilijua jambo hilo zamani, nao walipotaka mnyama fulani walivuka mto kumfuata. Lakini vitabuni na katika makumbusho, wanyama wengi waliandikwa tu kuwa wametoka Amazon au Brazil. Wallace aliona hilo ni kosa kubwa, maana nchi hiyo ni pana mno, na mnyama asiye na habari za mahali alipotoka ameleta nusu ya habari zake.

Mwaka 1854 alisafiri tena, safari hii kwenda visiwa vya Malay, akakaa huko miaka 8. Msaidizi wake mwaminifu alikuwa kijana wa Kimalay aitwaye Ali, aliyejifunza kuwinda ndege na kuchuna ngozi zao kwa ustadi. Walikusanya viumbe zaidi ya 125,000, na vielelezo vikatiwa alama za kisiwa vilikotoka. Faida ya uangalifu huo ilionekana upesi. Mwaka 1856 Wallace alivuka kutoka kisiwa cha Bali kwenda Lombok. Mlango wa bahari uliopo kati ya visiwa hivyo haufiki kilomita 40, lakini upande wa pili alikuta ndege wengine kabisa, wenye udugu na wale wa Australia. Katika kisiwa cha Celebes, ambacho leo huitwa Sulawesi, aliona kuwa vipepeo wa aina nyingi wana mabawa makubwa na yaliyopinda zaidi kuliko ndugu zao wa visiwa jirani. Kama angaliwachanganya vipepeo hao katika sanduku moja bila alama, asingalilitambua jambo hilo.

Mwezi Februari 1858, akiwa na homa katika visiwa vya Ternate na Gilolo, aliwaza jinsi viumbe wengi wanavyozaliwa na wachache wanavyosalia, na jinsi wale waliofaa zaidi kwa mahali pao wanavyorithisha umbo lao. Aliandika wazo hilo, akampelekea Charles Darwin, ambaye naye alikuwa amelifikiria kwa miaka mingi. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London tarehe 1 Julai 1858. Wallace hakumwonea Darwin wivu. Kitabu chake juu ya visiwa vya Malay, kilichotoka mwaka 1869, alikitoa kwa heshima ya Darwin. Wallace alifariki tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na umri wa miaka 90.

Sasa twaweza kuuliza, habari hizi zatuhusu nini? Mwezi ule ule wa Februari 1858, Burton na Speke, wakiongozwa na wenyeji wa njia, walifika Ziwa Tanganyika. Wallace hakuliona ziwa hilo maishani mwake. Hata hivyo, ndani yake mna samaki ambao ni ushahidi mzuri sana wa fundisho lake. Ni sikilidi wadogo waitwao Tropheus, ambao hukwangua mwani juu ya mawe. Katika pwani moja wana mkanda wa manjano, kwingine ni wekundu, kwingine weusi au wa kijani kibichi. Rangi zao zilizoandikwa kwa mahali zapita 100.

Je, ni maji ya mahali pale yanayowapaka rangi? Ni kweli kwamba chakula, hofu na ugomvi huweza kufifisha au kukoleza rangi ya samaki. Lakini watoto wa samaki hawa wakilelewa mbali na ziwa, katika vyombo vya namna moja, bado hufanana na wazazi wao. Basi rangi imerithiwa. Samaki hawa hupenda mawe, nao huogopa kuvuka mchanga mpana au maji ya kilindi. Mama hulea mayai yake kinywani, wala hayachukuliwi na mawimbi. Kwa hiyo ghuba ya mchanga huwatenga kama mto ulivyowatenga kima wa Amazon, na kila ukoo hufuata njia yake kwa maelfu ya miaka. Mahali hapakupaka rangi. Mahali palitenga koo. Na watu wakiwachanganya samaki wa pwani mbalimbali, wao huzaliana, na rangi zilizochukua muda huo wote kutokea hupotea kwa vizazi vichache.

Michoro ile ya samaki iliyookolewa motoni Wallace aliitoa kwa makumbusho ya London mwaka 1904, na mwaka 2002 ilichapishwa kitabuni huko Brazil, nchi ilikochorwa. Ilingoja miaka 150, na bado ilikuwa na faida, kwa kuwa mwenyewe alijua samaki wake walitoka mto gani.

Basi, wenzangu, katika chumba chetu cha sayansi tunapoweka panzi, jani au samaki ndani ya chupa, tusiridhike kuandika jina lake peke yake. Tuandike na kijiji, na mto au pwani, na tarehe. Jina laweza kusahihishwa baadaye na mwenye elimu zaidi yetu, lakini mahali pasipoandikwa siku ile hakuna atakayeweza kupajua tena.