Mbegu 23 za Burbank

Wanafunzi wangu hushangaa ninapoanza somo la utafiti wa lugha kwa kuwatajia mkulima wa viazi. Luther Burbank alizaliwa Massachusetts, Marekani, mnamo 1849. Mwaka 1872 aliona tunda dogo juu ya mmea wa kiazi cha Early Rose, aina ambayo huzaa matunda kwa nadra sana. Akalingojea likomae. Siku moja akalikosa! Alilisaka hadi akaliona limeanguka mchangani, na ndani mlikuwa na mbegu 23.

Alizipanda zote. Kiazi kilichooteshwa kwa kiazi humfanana mzazi wake, lakini kila mbegu huleta kiazi cha namna yake, kwa hiyo alikuwa na aina 23 mpya za kulinganisha. Mmoja ulizishinda nyingine kwa ukubwa na wingi wa mazao. Aliuuza kwa dola 150, akahamia California mwaka 1875 akiwa na viazi kumi tu vya aina hiyo. Kizazi chake, Russet Burbank, hukaangwa chipsi hadi leo.

Jicho lake lilikuwa kali. Kalamu yake, la. Taasisi ya Carnegie ilianza kumfadhili mnamo 1905, ikaacha baada ya miaka michache kwa kuwa kumbukumbu zake hazikuwafaa wanasayansi. Alipofariki mwaka 1926, mengi aliyoyaona shambani alizikwa nayo.

Mwanafunzi akirudi kutoka nyanjani na daftari tupu, mimi humwita Burbank. Wengine hudhani ninawasifu.