Rachel Carson, mwandishi wa radio aliyefungua watu macho juu ya sumu isiyoisha

Kabla jina lake kujulikana dunia nzima, Rachel Carson alikuwa anaandika vipindi vya radio. Ilikuwa miaka ya 1930, huko Marekani, wakati wa shida kubwa ya franga. Biro ya serkali iliyosimamia uvuvi ilitaka kuwaelezea wasikilizaji maisha ya samaki na bahari. Ilihitaji mtu anayejua samaki na anayejua pia kuongea na watu wa kawaida. Carson alijua vyote viwili. Akaandika vipindi 52, kila kimoja cha dakika saba.

Miaka karibu 30 kisha, alitumia ufundi uleule kueleza jambo zito zaidi: kwamba kuna dawa za kuua vidudu ambazo hazibaki pale zinapopulizwa. Zinaingia mu udongo, mu maji, mu samaki, mpaka ndani ya mwili wa mtu. Hazijui mpaka wa shamba, wala mpaka wa inchi. Kwa wakaaji wa kando ya ziwa Tanganyika, ambalo Kongo inagawana na inchi tatu, maisha ya mama huyo yangali na mafundisho.

Mtoto wa kando ya mto

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, mji mdogo kando ya mto Allegheny, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu. Mama yake, Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, alimzoesha tangu utoto kutembea porini na kutazama ndege na vidudu. Akiwa na miaka 11, hadithi yake ya kwanza ilitoka katika gazeti la watoto.

Familia haikuwa na mali. Carson aliingia masomo ya juu akitaka kuwa mwandishi, lakini mwalimu wake wa biolojia alimgeuza moyo. Alimaliza mwaka 1929, na mwaka 1932 akapata diploma ya pili, ya elimu ya wanyama, katika universite ya Johns Hopkins. Alitamani kuendelea mpaka udaktari, ila franga zikakosekana. Mwaka 1935 baba yake akafa. Mwaka 1937 dada yake naye akafa, akaacha mabinti wawili. Rachel na mama yake wakawachukua. Ni mzigo ambao familia nyingi za Kivu na Tanganyika zinaufahamu: mtu mmoja ana mshahara, nyumba nzima inamtazama.

Mwaka 1936 serkali ilimwandika kazi ya kudumu kama mtaalamu wa viumbe vya majini. Mchana alifanya kazi ya biro, usiku aliandika vitabu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1941 na hakikuuzwa sana. Cha pili, juu ya bahari, kilitoka mwaka 1951 na kikakaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani. Mwaka 1952 akaacha kazi ya serkali, akaishi kwa kalamu yake.

Dawa iliyosifiwa

Wakati huo dawa moja ilikuwa inasifiwa kila pahali: DDT. Mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua mwaka 1939 kwamba inaua vidudu vya kila aina. Katika vita kuu ya pili ilipulizwa juu ya askari na raia ili kuua chawa wanaoleta homa ya tifasi. Iliua pia mbu wa malaria. Watu wengi waliponea kwayo, na mwaka 1948 Müller akapewa tuzo la Nobel.

Vita ilipoisha, DDT na ndugu zake ziliingia sokoni. Wakulima wakazinunua kwa mapipa. Avio zikapita juu ya mashamba, misitu, vijiji na mito zikimwaga dawa, na wakaaji hawakuulizwa. Tangu 1945 Carson alipendekeza kwa gazeti moja kubwa kuandika juu ya jambo hilo. Gazeti likakataa.

Mnamo Januari 1958 barua ikamfikia. Rafiki yake wa jimbo la Massachusetts alieleza kwamba avio zilipuliza DDT juu ya pori lake ili kuua mbu, na ndege wakafa kwa wingi. Carson akaanza kutafuta. Aliandikia waganga, wavuvi, wafugaji, walimu wa universite, na watumishi wa serkali waliogopa kutajwa. Kila mmoja alikuwa na kipande kimoja cha habari: huyu ameona ndege wakifa, yule samaki, mwingine ng'ombe. Hakuna aliyekuwa na picha nzima. Kazi ya Carson ilikuwa kuunganisha vipande hivyo, na ilichukua miaka minne.

Hesabu ya ziwa moja

Kati ya mifano aliyokusanya, mmoja unagusa moja kwa moja watu wanaokula samaki wa ziwa. Ni ule wa Clear Lake, ziwa la jimbo la California.

Pale kulikuwa vidudu vidogo vinavyofanana na mbu lakini haviumi. Vilisumbua wavuvi na watalii, basi. Mwaka 1949 wakubwa wa eneo waliamua kutia ziwani DDD, ndugu wa karibu wa DDT. Walipima kwa uangalifu: sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Vidudu vikapungua, kisha vikarudi. Mwaka 1954 wakatia tena, sehemu moja kwa milioni 50. Mwaka 1957 wakarudia.

Ndege wa majini wanaokula samaki wakaanza kufa. Waganga wa wanyama walitafuta ugonjwa, hawakuona. Mwishowe wakapima mafuta ya mwili wa ndege hao. Wakakuta sehemu 1,600 za dawa kwa kila sehemu milioni. Ndiyo kusema dawa ndani ya ndege ilikuwa mara 80,000 kuliko ile iliyotiwa ndani ya maji. Mbele ya dawa, ndege hao walitaga pale jozi zaidi ya 1,000. Kufikia 1960 zilibaki karibu 30.

Na maji yenyewe? Muda mfupi tu kisha ya kutia dawa, maji yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Yalikuwa safi. Dawa ilikuwa imehama tu: kutoka maji kuingia mu vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, kutoka vimelea kuingia mu samaki wadogo, kutoka wadogo kuingia mu wakubwa, na mwisho mu ndege.

Sumu za namna hiyo zina tabia tatu. Hazivunjiki haraka, zinaweza kukaa miaka na miaka. Zinapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo zinajificha ndani ya mafuta ya mwili. Na zinasafiri, kwa maji, kwa upepo, kwa chakula. Anayeshika ndagala wa Tanganyika anaweza kufuata hesabu: ndagala mmoja anakula vimelea maelfu, mukeke mmoja anakula ndagala wengi, na mtu anakula mukeke miaka yote ya maisha yake. Kila ngazi inabeba mzigo wa ngazi ya chini.

Kitabu, ugonjwa na vita ya maneno

Carson aliandika kitabu hicho katika mateso. Desemba 1958 mama yake alikufa. Alikuwa tayari analea mtoto mdogo, Roger, mwana wa binti wa dada yake aliyefariki mwaka 1957. Mwaka 1960 alipasuliwa kifua juu ya kansa, na munganga hakumwambia ukweli wote. Alipoujua, aliuficha. Aliogopa adui zake wasiseme kwamba anashambulia dawa kwa hasira ya mgonjwa.

Kitabu, Silent Spring, kilitoka tarehe 27 Septemba 1962. Makompani ya dawa yalikasirika. Moja lilitisha kupeleka mchapishaji tribinali. Wengine walimwita mwanamke mwenye woga, asiyejua sayansi, tena asiye na mume wala mtoto. Lakini Rais John Kennedy aliomba wataalamu wake wachunguze, na Mei 1963 ripoti yao ikaunga mkono sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwezi uliofuata Carson alikaa mbele ya maseneta. Aliomba jambo ambalo kila mkaaji angeelewa: kwamba raia ana haki ya kulindwa nyumbani mwake dhidi ya sumu inayomwagwa na wengine.

Alikufa tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilikataza DDT mashambani mwaka 1972.

Jambo la malaria

Kuna wanaosema mpaka leo kwamba Carson aliua watu wa Afrika, kwa sababu juu yake DDT ilikatazwa na mbu wakaongezeka. Mu majimbo ambamo malaria inazika watoto kila wiki, neno hilo ni zito na linastahili jibu.

Carson hakuomba dawa zote zikatazwe. Aliandika kwamba magonjwa yanayoletwa na vidudu ni hatari ya kweli. Alionya kwamba dawa ikimwagwa ovyo, mbu wanaizoea, na siku mtu anapoihitaji kuokoa maisha haifanyi kazi tena. Ndivyo ilivyotokea pahali pengi. Mkataba wa Stockholm, uliosainiwa mwaka 2001 dhidi ya sumu zisizoisha, haukufunga mlango kabisa kwa DDT: unaruhusu kuitumia dhidi ya mbu na vidudu vingine vinavyoleta magonjwa, chini ya uangalizi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilikubali ipakwe kwenye kuta za ndani za nyumba. Shambani, hapana.

Kutoka mtu mmoja mpaka inchi nyingi

Kitu Carson alichofanya kwa barua, leo inchi zinajaribu kukifanya pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liligawa dunia katika kanda 12 ili kupima hali ya sumu hizi: ziko wapi, zinatoka wapi, zinapita njia gani. Afrika ya kusini mwa Sahara ilikuwa kanda mojawapo. Tatizo kubwa lilionekana haraka: maabara ni chache na vipimo ni haba. Inchi moja inaweza kuwa na vipimo vingi na jirani yake ikakosa hata kimoja, na hapo hakuna anayejua sumu imetoka upande gani.

Kongo iliingia katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2005. Chini ya mkataba huo, inchi zinapima hewa na maziwa ya mama kwa njia moja, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Maziwa ya mama yanachaguliwa kwa sababu yana mafuta, na yanaonyesha kile ambacho mwili umebeba kwa miaka mingi. Waganga hawasemi mama aache kunyonyesha. Hata pale dalili za sumu zinapoonekana, faida ya kunyonyesha inabaki kubwa zaidi.

Ziwa Tanganyika ni mfano wazi wa juu ya nini kazi hii haiwezi kufanywa na inchi moja. Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zinakunywa na kuvua humo. Mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, pale Kalemie, na maji yanachukua mamia ya miaka kujibadilisha. Kinachoingia leo kitukuu atakikuta. Watafiti waliopima samaki upande wa Burundi walichapisha mwaka 2002 kwamba mabaki ya DDT yamo ndani ya samaki wa ziwa hilo. Samaki hao hawana pasipoti. Mwaka 2003 inchi hizo nne zilisaini mkataba wa kulinda ziwa, na ofisi ya mamlaka yake iko Bujumbura.

Mikataba iko, basi. Kinachobaki ni kile Carson alichoanza nacho pale radio: kuwafikishia wenye ziwa matokeo katika lugha wanayoielewa. Mama anayeteka maji kwa bidoni iliyokuwa na dawa ya shamba, mvuvi wa Uvira, mkulima wa Ruzizi anayenunua chupa isiyo na maandishi ku soko, wote wana haki ya kuuliza maswali yaleyale. Hii ni dawa gani? Nani ameipima? Na vipimo vilionyesha nini?