Shaaban Robert: Karani mkimya aliyefika mbali

Ndugu msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Katika shule moja hapa Bagamoyo ninakofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, niliwahi kumwandikia kijana wa kidato cha tatu katika ripoti yake kwamba ni mkimya mno, hajiamini na hafai uongozi. Baba yake, mvuvi, alikuja na ripoti ile mkononi. Alinisalimia kwa adabu, kisha akaniuliza mwanawe amemkosea nani kwa kunyamaza.

Sikuwa na jibu. Lililonichoma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilipokuwa Chuo Kikuu nilikuwa nikikaa viti vya nyuma nikiomba mhadhiri asinitaje jina. Vipi niliyepitia hayo nikamhukumu mwenzangu kwa hayo hayo? Usiku ule nilimkumbuka mtu wa mwambao wetu huu huu, marehemu Sheikh Shaaban Robert.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akahitimu akiwa wa pili katika watahiniwa 11 waliofaulu. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa na serikali ya mkoloni kuwa karani wa forodha, akafanya kazi Pangani na kwingineko hadi mwaka 1944. Baadaye alihamishiwa idara nyingine bara, kisha akarudi Tanga, kwanza ofisi ya jimbo na halafu ofisi ya upimaji ardhi.

Tazama vizuri maisha hayo. Ni ya meza, wino na madaftari ya serikali. Hakuwa mtu wa majukwaa wala hakuwa na chama nyuma yake. Mchana aliandika mambo ya serikali, na muda uliobaki aliandika ya kwake. Lakini azma yake ilikuwa kubwa kuliko ofisi ile. Alitaka Kiswahili, lugha iliyodharauliwa na wengi waliosoma Kizungu, kibebe fikra nzito kama lugha yoyote ya dunia.

Alifanyaje? Alifanya kwa njia aliyoiweza. Alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge miaka kwa miaka, tangu 1931 hadi 1958, na barua hizo zimehifadhiwa zikawa kitabu. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Wanawe aliwausia kwa tenzi, binti akampa Utenzi wa Hati na mwana wa kiume Utenzi wa Adili. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 alivitungia utenzi wenye beti zaidi ya 3,000. Hizo ni beti za mtu aliyekuwa na kazi ya kuajiriwa!

Wapo wanaodhani mkimya ni mwoga. Basi wasome Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 wakati Mwingereza yuko madarakani. Humo mna nchi inayowatesa wajumbe wake wanaorudi na habari za mageuzi, na yumo Karama, anayeshitakiwa kwa kufundisha watu uanasheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa hoja siku baada ya siku. Karani wa serikali asingeweza kusimama sokoni Tanga na kuyasema hayo. Aliyatia kinywani mwa Karama, yakasomwa hata na watoto wa shule.

Njia hiyo ilikuwa na gharama zake. Alipata tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE, na alikaa katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hata hivyo alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru, akiwa na miaka 53, na sehemu kubwa ya kazi zake haijachapwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru na Kufikirika vilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Hakuviona. Anayefanya kazi kimya huchelewa kusikika, na wengine husikika wakiwa wameshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi. Misikitini, mashuleni na katika jumuiya zetu, uongozi tunampa nani? Mara nyingi ni yule mwenye sauti. Tunasahau kwamba Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimlalamikia Mola wake uzito wa ulimi na akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi. Allah (s.w.) hakumnyang'anya ujumbe kwa sababu ya ulimi. Alimpa Harun.

Na mkimya naye asijifiche nyuma ya upole wake. Shaaban Robert hakukaa kimya akasubiri kugunduliwa. Alikaa kimya akamaliza beti 3,000. Ukimya bila kazi ni uvivu tu uliovaa kanzu ya haya.

Yule kijana nilimwomba radhi mbele ya baba yake, na ripoti nikaiandika upya. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu shuleni ilipohitaji katibu, nilimpendekeza yeye. Haongei zaidi ya zamani. Lakini kwa mara ya kwanza kumbukumbu za vikao zimekamilika, michango inajulikana ilipokwenda, na barua kwa wazazi zinafika kwa wakati. Mwenyekiti anaongea sana, na anapokwama humgeukia yeye.

Wabillahi tawfiq.