Mangasarian: mchungaji aliyeshuka mimbarini kwa hiari yake

Msikilizaji wetu, fikiria mchungaji kijana mwenye kanisa, mshahara na waumini wanaomheshimu. Siku moja anaona kwamba haamini tena anayoyafundisha. Anyamaze aendelee na kazi, au aseme?

Swali hilo lilimfika Mangasar Mangasarian, ambaye leo tunawaletea maisha yake.

Alizaliwa Desemba 29, 1859, katika familia ya Wakristo wa Kiarmenia, kwenye milki ya Osmani, eneo ambalo leo ni Uturuki. Alisoma Robert College, chuo kilichoanzishwa na Wamarekani katika jiji tunaloliita sasa Istanbul. Mwaka 1878, kabla hajatimiza hata miaka 20, akawekewa mikono kuwa mchungaji. Baadaye akavuka bahari kwenda Marekani kuongeza elimu Princeton, na mwaka 1882 akakabidhiwa kanisa la Presbiteri mjini Philadelphia.

Kanisa hilo lilifuata mafundisho ya John Calvin, likiwemo lile la kwamba Mungu alikwisha kuwachagua watakaookolewa hata kabla hawajazaliwa. Mangasarian akaanza kuyatilia shaka, na mwaka 1885 akajiuzulu. Kwa mgeni katika nchi ya watu haikuwa hatua ndogo, kwani riziki na heshima yake vilitoka kanisani.

Lakini kuhubiri hakuacha. Mwaka 1892 alichukua uongozi wa chama cha Chicago kilichofundisha maadili mema bila kumdai mtu imani ya dini. Mwaka 1900 akaanzisha jumuiya yake huru. Jumapili, wengine wakienda kanisani, wafuasi wake walijaa ukumbini kumsikiliza akisema kila fundisho lipimwe kwa akili. Mwaka 1902 alitoa katekisimu yake mwenyewe, yenye maswali na majibu kama ya kanisani, ila majibu yakitegemea akili. Mwaka 1909 akaandika kitabu akihoji kama Yesu aliwahi kuishi. Hapo wengi walimpinga, na hadi leo wanahistoria walio wengi wanakubali kwamba Yesu aliishi.

Alistaafu mwaka 1925, akahamia California, na akafariki Juni 26, 1943, akiwa na miaka 83.

Sisi hatuwaambii mfuate njia yake. Kila mmoja ana imani yake. Tunachokiona ni kwamba aliposhindwa kuamini, hakuendelea kupokea mshahara wa maneno ambayo moyo wake ulikuwa umeyakataa.